Kikombe cha Chumvi

Nesta alikuwa amebakiza chumba cha sindano na kibaraza. Alisukuma maji yenye dawa kwa brashi ya mpini mrefu, akayakusanya kwenye kona ya mlango, akayafuta kwa tambara mpaka sakafu ikabaki na unyevu tu. Nje, malori yaliyolala foleni ya kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yameanza kuwashwa, na moshi ukaingia dirishani kama kila asubuhi. Zahanati ilifunguliwa saa mbili, ila yeye alitakiwa awe amemaliza saa moja. Leo alimaliza saa kumi na mbili na nusu. Akanawa mikono mara mbili, akavua gauni la bluu la usafi. Ndani alikuwa amevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa, yenye alama ndogo ya kuungua kwenye kola ambayo bibi yake aliificha kwa kuikunjia ndani.

Siku hiyo alikuwa anakwenda Vwawa kwenye usaili. Kulikuwa na chuo cha afya kilichotangaza nafasi kumi za kusomea utabibu bila ada, na waombaji walikuwa mia moja na themanini, ingawa walioitwa kwenye usaili walikuwa hamsini. Nesta alikuwa amefaulu kidato cha nne vizuri, baiolojia na kemia alipata B, lakini ilikuwa mwaka wa tatu sasa anadeki zahanati kwa sababu ada ya chuo haikupatikana. Bila nafasi hii angeendelea kudeki. Tangazo lilisema wazi kwamba alama za shuleni wanazo wengi. Wao wanatafuta vijana wenye tabia na moyo wa kuhudumia wagonjwa.

Ndiyo maana kulikuwa na fomu ya tabia. Ilikuwa karatasi moja yenye mistari kumi: uaminifu, huruma, uvumilivu, usafi, ushirikiano, kuwahi kazini, kutunza siri, utii, kujiamini, kujitolea. Mbele ya kila mstari mwombaji alitakiwa ajipe alama mwenyewe, kuanzia moja mpaka tano.

Waliijaza Jumapili baada ya kanisa, yeye na Bibi Ruti, juu ya mkeka. Bibi Ruti ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Aliacha kahawa yake huko milimani Mbozi akaja Tunduma kupanga chumba kimoja, ili mtoto asome karibu. Mwenyewe aliishia darasa la saba, lakini barua zote za nyumba ile zilipita mikononi mwake. Nesta alipotaka kuandika tano kwenye uaminifu, bibi akamshika mkono. Alimwambia mtu hajisifu mbele ya watu asiowajua. Ukifika ugenini unakaa kwenye mkeka, na wenyewe wakikuona unafaa wanakuletea kiti. Ukikimbilia kiti watasema huyu kalelewa wapi. Basi ajiweke katikati, na wasomi wale watampandisha wenyewe baada ya kumwona. Nesta hakubisha, maana ndivyo alivyolelewa. Akaandika tatu kwenye mistari yote kumi, namba nzuri zilizolingana, na bibi akasema sasa hiyo ndiyo karatasi ya mtu mwenye adabu. Wakatoa nakala moja dukani, wakaiweka ndani ya tranka.

Kilichobaki kilikuwa muhuri. Asubuhi hiyo ofisi ya mtendaji wa mtaa ilifunguliwa saa tatu badala ya saa mbili. Mtendaji alikuwa mwanamume mnene mwenye sweta, na chai yake ilikuwa mezani. Aliuliza kama nyumba yao imeshatoa mchango wa ukuta wa ofisi. Nesta akasema mwenye nyumba ndiye anayejua. Mtendaji akasema muhuri nao unajua. Nesta akatoa hela aliyokuwa ameitenga kwa chakula cha mchana, ikaingia kwenye droo, risiti haikutoka. Mtendaji akavuta fomu, hakusoma hata mstari mmoja. Chini kabisa, palipoandikwa maoni ya kiongozi, akaandika: Namfahamu tangu utotoni, ana tabia njema. Kisha akainua kichwa.

"Hivi wewe unaitwa nani, binti?"

"Nesta, mzee. Jina lipo hapo juu."

"Haya. Nenda kawe daktari utuchome sindano."

Nauli ya Vwawa ilikuwa imepanda tena tangu mafuta yapande, na kondakta hakutaka maneno. Nesta alifika chuoni saa tano kasoro. Waombaji walikuwa wamekaa kwenye ngazi na kwenye nyasi, kila mtu na bahasha yake ya kaki. Alipata nafasi kando ya msichana wa Mlowo aliyeitwa Faith, ambaye alikuwa amesuka rasta mpya na alikuwa anakula karanga. Faith akamkaribisha karanga, akamwomba aone fomu yake. Alipoiona, akaacha kutafuna.

"We, uko siriasi? Tatu, tatu, tatu. Umejaza fomu au umechora kuku wanatembea?"

Nesta akamweleza alivyoambiwa na bibi yake. Faith akaacha utani. Alisema yeye alijimwagia tano zote, na kila mtu pale kajimwagia tano, isipokuwa mmoja aliyejipa nne kwenye utii ili aonekane mkweli. Tena huko Mlowo kuna jamaa mwenye stationari anafundisha watu usaili. Anakwambia hao wazee wanapenda kisa, na anakuuzia kisa.

"Mimi nimepewa bibi kipofu," alisema. "Barabara kuu, lori limekatika breki, nimemvusha, ameniombea dua. Nimekariri mpaka na rangi ya kanga."

"Ulimvusha kweli?"

"Mimi? Barabara yenyewe naivuka kwa kushikwa mkono." Akamtazama Nesta kwa huruma. "Chukua wewe bibi kiziwi, mwanangu. Mimi nibaki na kipofu. Hawatajua."

Nesta alitabasamu, akasema asante, atasema la kwake.

La kwake lilikuwepo. Katika ua waliopanga, chumba cha tatu kutoka chooni, alikaa Fortunata, mke wa dereva wa lori aliyeitwa Osward. Mwaka uliopita, siku ya kliniki ya wajawazito, Nesta alikwenda kumwaga maji machafu nyuma ya zahanati akamkuta Fortunata amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pembeni ya tangi la maji, kadi yake mkononi. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Nesta hakumwuliza kitu. Alimletea maji ya kunywa, akakaa naye chini. Baada ya muda Fortunata mwenyewe akasema kwamba wamempima, wamemkuta na virusi, wamempa dawa za kunywa kila siku, na kwamba Osward akiziona atamfukuza na mimba yake bila kuuliza nani kamletea mwenzake.

Osward alikuwa mtu wa kupekua. Akirudi safari alipekua chini ya godoro, akapekua unga, akapekua simu. Na hakuna aliyejua anarudi lini, maana lori lake likikwama kwenye foleni hata siku nne alikuja kulala nyumbani. Kwa hiyo kopo la dawa lilikaa kwa Nesta, ndani ya tranka lenye vyeti vyake, na juu ya vidonge aliweka pamba ili visipige kelele. Kila siku saa moja jioni Nesta alichukua kikombe cha bati, akaweka kidonge kimoja chini kabisa, akavuka ua, akapiga hodi kuomba chumvi. Fortunata alipokea kikombe, akageukia kwenye rafu ya vyombo, akameza, akamrudishia kikombe kina chumvi. Hata Osward akiwa amekaa pale kitandani aliona tu jirani anayeishiwa chumvi. Siku moja alisema huyo binti na bibi yake wanakula kama ng'ombe. Mtoto alizaliwa, akapimwa mara ya kwanza, akapimwa mara ya pili, akakutwa salama. Ilikuwa mwaka na miezi miwili sasa tangu kikombe kianze kuvuka ua. Mkebe wa chumvi kwa Bibi Ruti ulikuwa unafurika.

Walimwita saa saba na dakika kumi. Chumba kilikuwa na meza ndefu na watu watatu. Mwenyekiti aliitwa Bwana Abrahamu, mwenye suti ya kijivu na kalamu mbili mfukoni. Upande wa kulia alikaa Sista Violet, muuguzi mzee aliyefundisha chuoni hapo, na kushoto kijana wa kompyuta aliyeingiza alama. Kiti cha msailiwa kilikuwa mbali kidogo na meza, na Nesta akakaa ukingoni.

Bwana Abrahamu alishika fomu kwa ncha za vidole.

"Uaminifu, tatu. Kwa hiyo unaiba kidogo?"

Kijana wa kompyuta akacheka puani.

"Hapana, mzee."

"Huruma, tatu. Yaani mgonjwa akilia unamhurumia mpaka saa sita, halafu unakwenda zako? Kutunza siri, tatu. Nusu unatunza, nusu unapeleka sokoni?"

"Hapana, mzee. Niliona wengine ndio wanaofaa kunipima."

"Wengine gani? Imeandikwa hapa mwombaji ajipime. Una thelathini, binti. Hakuna mwenzako aliyeingia humu na chini ya arobaini na nane."

Nesta alitazama mikono yake. Ilikuwa inanuka dawa ya kudekia, pamoja na kunawa kote kule. Maneno ya bibi yake yalikuwa sawa kabisa walipokuwa kwenye mkeka. Hapa hayakuwa na mahali pa kusimama. Sista Violet akaomba waache alama kwanza. Alikuwa na sauti ya chini. Alimwambia Nesta awasimulie jambo moja tu alilomfanyia mtu mwenye shida, jambo la kweli.

Nesta akasema anawasaidia wagonjwa kufika chooni, na aliwahi kumfulia mama mmoja nguo baada ya kujifungua. Bwana Abrahamu akasema huo ni usafi, na usafi analipwa.

"Lipo lingine," Nesta alisema. "Lakini ni habari ya mtu."

"Habari zote ni za mtu. Sema."

"Hapana, mzee. Nikisema, atajulikana."

Sista Violet akasema anaweza kusema bila jina. Nesta akafikiri. Fomu yake ilikuwa na jina la mtaa na jina la zahanati. Wanafunzi wa chuo hiki walikwenda pale kwa mafunzo, walinunua vitumbua kwenye ua wa kina Nesta. Na huko ukumbini, ukutani, alikuwa ameziona habari za waliochaguliwa mwaka jana, zimechapwa na kubandikwa pamoja na picha, na chini yake pameandikwa kwamba zimetumwa pia kwa wafadhili na kwenye mtandao. Mmoja alikuwa ameeleza alivyomuuguza shangazi yake mwenye kifua kikuu. Jina la shangazi halikuwepo, lakini jina la kijiji lilikuwepo.

"Hata bila jina," akasema.

Bwana Abrahamu akaegemea kiti. Hakuwa amekasirika. Alionekana amechoka, na watu walikuwa bado wengi nje. Alimweleza kwamba wao wanapima kinachoonekana. Mtu aliyefanya jema akaliweka mfukoni, na mtu ambaye hakufanya kitu, mbele ya meza hii wanafanana. Akamwambia kijana aandike sifuri kwenye kisa, na kijana akaandika.

Nesta alikuwa ameshafika kwenye nyasi Sista Violet alipomfuata, akiwa na karatasi nyeupe. Alimshika bega.

"Mwanangu, mimi nimekuona. Lakini macho yangu hayaingii kwenye kompyuta. Andika hata mistari mitano, weka namba ya simu ya huyo mtu tumpigie athibitishe. Mpaka saa tisa nitaipokea."

"Mkimpigia, mtamwambia mnapiga kutoka wapi?"

"Chuo cha afya. Tutasemaje tena?"

Akarudi ndani. Nesta alikaa chini ya ukingo wa dirisha na ile karatasi. Faith alikuwa ameshatoka, anajipepea na bahasha, anasema bibi kipofu amepokelewa vizuri sana, Sista amefuta hata miwani. Nesta hakumsikia vizuri. Alikuwa anawaza kwamba Fortunata mwenyewe angeweza kukubali. Mara ngapi amesema, mdogo wangu, nitakulipa nini. Pengine angesema waambie tu, waambie wote, nimechoka. Yeye mwenyewe ndiye mwenye habari yake, na kumwuliza si kosa. Akatoa simu, akapiga.

Iliita mara nyingi. Fortunata alipopokea, nyuma yake kulikuwa na redio, mtoto analia, na sauti ya Osward inauliza nani huyo anapiga saa hizi, weka sauti ya juu. Lori lake lilikuwa na siku ya nne kwenye foleni.

"Nesta?" Fortunata alisema, na sauti yake ikawa nyembamba. "Kuna nini? Kwema?"

Nesta alisikia simu ikibadilika mlio, ikawa ya mbali kama iko ndani ya debe. Sasa walikuwa wanasikia wote wawili.

"Kwema, dada. Nilikuwa nauliza tu kama chumvi ipo. Bibi kaniambia yetu imeisha."

"Ipo," Fortunata akasema, akavuta pumzi. "Chumvi ipo. Njoo jioni."

"Hawa watu na chumvi," Osward alisema kwa mbali.

Saa tisa kasoro dakika tano Nesta aliingia ofisini akaiweka karatasi mbele ya Sista Violet. Juu aliandika jina lake na namba ya mwombaji, na katikati maneno mawili, sina shahidi. Sista Violet aliyasoma, kisha akatoboa karatasi kwa mashine, akaiweka kwenye faili kama nyingine.

Majina yalibandikwa saa tisa na nusu. Walikuwa kumi kweli. Faith alikuwa wa nne. Alipiga kelele ndogo, halafu akageuka akamwona Nesta, akaimeza.

"Ningekulazimisha umchukue yule kiziwi," alisema. "Walahi ningekulazimisha."

"Soma vizuri, Faith," Nesta akamwambia. "Na wagonjwa usije ukawaogopa kama barabara."

Gari la kurudi lilikwama kabla ya kufika mjini, foleni ya malori ikiwa imefunga upande mmoja. Nesta akashuka na kutembea. Madereva walikuwa wamepika ugali chini ya matrela, wamekaa kwenye madumu wanakula. Kijana mmoja kati yao akamwita daktari kwa ajili ya ile blauzi nyeupe, akamwomba dawa ya mapenzi, wenzake wakacheka. Nesta akapita. Alikuwa hajala kitu tangu karanga za Faith.

Bibi Ruti alikuwa kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Alimwona tangu getini, akamwacha avue viatu, akampa maji ya kunawa, akamwekea kiporo cha wali. Hakuuliza mpaka Nesta alipomaliza kula.

"Wamesemaje?"

"Wamechukua kumi, bibi."

Bibi Ruti alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani. "Na zile tatu?"

Nesta alifikiri kusema kwamba hazikuwa na neno. Lakini bibi alikuwa anamtazama. Akamweleza yote ya Bwana Abrahamu, kuiba kidogo na kupeleka nusu sokoni. Akamweleza na kisa kilichotakiwa, kwamba alikuwa nacho na hakukitoa, kwa kuwa ni habari ya mtu. Hakusema ni ya nani. Bibi Ruti hakuuliza.

"Basi hawakuleta kiti," alisema, akausogeza ungo kando. "Nimekukalisha chini, mjukuu wangu, na wao wakapita."

"Si kosa lako, bibi."

"Ni langu. Lete ile nakala."

Nesta alileta nakala kutoka ndani ya tranka. Bibi Ruti alifuta mikono kwenye kitenge, akavaa miwani yenye mguu uliofungwa uzi, akaomba kalamu. Alisema tano alizozikata yeye sasa atazirudisha zote, hata kama hakuna wa kuzisoma. Mkono wake ulikuwa mzito. Kabla hajafika kwenye mstari wa kwanza, Nesta akaichukua kalamu polepole kutoka kwenye vidole vyake. Alishuka na kidole mpaka mstari wa saba. Akaifuta ile tatu kwa mstari mmoja ulionyooka, na pembeni yake akaandika tano, kubwa kuliko namba nyingine zote. Zile tisa aliziacha.

Bibi Ruti aliinama akasoma midomo ikicheza. Kutunza siri. Akasoma mara ya pili. Kisha akaitazama anga upande wa Zambia, ambako jua lilikuwa linakaribia kuzama nyuma ya maghala, na kutoka chumba cha tatu sauti ya Osward ilisikika inamwita mkewe amletee maji ya kuoga.

Akakunja karatasi mara nne, akamrudishia. Halafu akanyoosha mkono nyuma yake, karibu na mkebe wa chumvi uliojaa mpaka mfuniko haufungi, akachukua kikombe cha bati, akakipuliza vumbi ambalo halikuwemo.

"Saa moja hiyo," alisema. "Nenda kaombe chumvi."